Sauti na Pasipoti

Mwaka 1934 Chuo cha Taaluma za Mashariki jijini London kilipata mwanafunzi asiye wa kawaida. Alikuwa na karibu miaka 36, kimo cha futi sita na inchi tatu, mabega ya mcheza mpira, na sauti nzito ambayo Waingereza walikuwa wakilipa fedha nzuri kuisikia. Alikuwa Mmarekani, mwana wa mtu aliyezaliwa mtumwa, na miongoni mwa lugha alizokuja kujifunza ni Kiswahili. Jina lake Paul Robeson.

Robeson ni wa kwanza kati ya watu watatu wa simulizi hii. Wa pili, Harry Belafonte, alilelewa kisanii na Robeson. Wa tatu, Miriam Makeba, alishikwa mkono na Belafonte. Wote watatu waliimba, na wote watatu walipigana na ubaguzi wa rangi. Serikali mbili zilizotaka kuwanyamazisha Robeson na Makeba, ya Marekani na ya Afrika Kusini, hazikugusa makoo yao. Ziligusa kijitabu kidogo cha mfukoni kinachoitwa pasipoti.

Mwana wa mchungaji, 1898–1927

Baba yake Robeson, William Drew, alizaliwa mtumwa katika shamba moja la North Carolina. Alitoroka mwaka 1860, akiwa na miaka 15, akasoma, akawa mchungaji wa kanisa. Paul alizaliwa Princeton, New Jersey, tarehe 9 Aprili 1898. Mama yake alifariki kwa ajali ya moto nyumbani mwaka 1904, kabla mtoto hajafikisha miaka sita. Kwa hiyo mtu aliyemkuza ni yule mzee, aliyetaka mwanawe azungumze kwa ufasaha na asikubali alama ya pili darasani.

Mwaka 1915 Paul aliingia Chuo cha Rutgers kwa ufadhili, akiwa mwanafunzi mweusi wa tatu tangu chuo kianzishwe. Alipojaribu kuingia timu ya mpira wa Kimarekani, wenzake walimvunja pua siku ya kwanza. Aliporudi, mmoja alimkanyaga mkono kwa viatu vyenye meno hadi kucha zikang'oka. Alibaki uwanjani. Mwaka 1917 na 1918 alitajwa katika kikosi bora cha nchi nzima, ingawa mwaka 1916 chuo chake kilikuwa kimemweka benchi kwa sababu timu pinzani kutoka Kusini ilikataa kucheza na mtu mweusi. Alihitimu mwaka 1919 akiwa ndiye msemaji wa wahitimu wenzake.

Akasomea sheria Columbia, akamaliza mwaka 1923, akapata kazi katika kampuni moja ya mawakili New York. Haikudumu. Katibu muhtasi mweupe aliambiwa aandike barua anayosomewa na Robeson, akakataa kuandikishwa na mtu mweusi. Robeson alichukua kofia yake akaondoka, na mahakama zikampoteza wakili.

Jukwaa lilimpokea. Mwaka 1924 aliigiza katika tamthilia za Eugene O'Neill, na Aprili 1925, akiwa na mpiga piano Lawrence Brown, alifanya onyesho zima la nyimbo za kiroho za watumwa. Jambo hilo leo linaonekana dogo. Wakati ule nyimbo hizo zilikuwa zikiimbwa na vikundi vya kwaya, na wengine walizionea aibu kwa kuwa zilikumbusha utumwa. Robeson alizisimamisha peke yake jukwaani, pale pale waimbaji wengine walipoziweka nyimbo za Schubert.

London, 1928–1939

Uingereza ilimpenda, kwa kadiri nchi yenye makoloni inavyoweza kumpenda mtu mweusi. Mwaka 1928 alitikisa London katika mchezo wa *Show Boat*. Mwaka uliofuata alikataliwa kuhudumiwa katika mgahawa wa hoteli ya Savoy. Mwaka 1930 akaigiza Othello katika ukumbi wa Savoy, jirani kabisa na hoteli ile ile.

London ndiyo iliyomkutanisha na Afrika. Alikutana na wanafunzi na wanaharakati kutoka makoloni, mabaharia wa Afrika Magharibi, na Mkikuyu mmoja mwenye ndevu aliyekuwa akiishi kwa kuunga unga: Jomo Kenyatta. Wawili hao wanaonekana katika filamu moja, *Sanders of the River*, ya mwaka 1935. Robeson aliigiza chifu mwaminifu kwa mtawala Mwingereza, na Kenyatta alipata nafasi ndogo ya kujaza watu. Robeson aliingia akiamini filamu itaonyesha heshima ya utamaduni wa Kiafrika. Ilipotoka, ilikuwa wimbo wa kusifu ukoloni mwanzo hadi mwisho, na aliikana hadharani. Sioni sababu ya kumtetea sana hapa. Alikuwa na elimu ya sheria, na angeweza kubisha mapema zaidi. Lakini kosa lile lilimfunza: tangu hapo alichungulia kila mkataba kama mtu aliyeumwa na nyoka achunguzavyo kamba.

Mkewe, Eslanda, alikuwa anasomea elimu ya jamii za watu huko huko London. Mwaka 1936 alimchukua mtoto wao, akaenda Afrika Kusini na Uganda kujionea mwenyewe, na baadaye akaandika kitabu kuhusu safari hiyo. Paul alienda Hispania mwaka 1938 kuwaimbia wapiganaji wa upande wa jamhuri dhidi ya Franco. Huko Wales alijenga urafiki na wachimba makaa ya mawe, urafiki utakaomrudia miaka ishirini baadaye kwa njia ya ajabu. Na katika wimbo uliompa jina, "Ol' Man River", alianza kubadili maneno. Mhusika aliyekuwa amechoka na kuogopa kufa akawa mtu anayeapa kupambana. Watunzi hawakupenda. Umma ukauzoea wimbo mpya.

Mawe ya Peekskill, 1949

Vita vikuu viliporudisha familia Marekani, Robeson alikuwa kileleni. *Othello* ya Broadway ilianza Oktoba 1943 ikaonyeshwa mara 296, rekodi kwa mchezo wa Shakespeare katika kumbi zile. Papo hapo aliongoza Baraza la Masuala ya Afrika, chombo kilichopigia kelele uhuru wa makoloni wakati Wamarekani wengi wasingeweza kuonyesha Kenya ilipo kwenye ramani. Mwaka 1946 alimkabili Rais Truman kuhusu watu weusi waliokuwa wakiuawa na makundi ya wazungu, akamwambia kwamba serikali isipowalinda, watajilinda wenyewe.

Kisha upepo ukageuka. Vita Baridi vilipoanza, urafiki wake wa hadharani na Urusi ukawa dhambi. Aprili 1949, katika kongamano la amani mjini Paris, alisema maneno ambayo mashirika ya habari yaliyapeleka Marekani yakiwa yamepindwa, kana kwamba ametangaza kuwa watu weusi hawatapigana kamwe dhidi ya Urusi. Alirudi akakuta amekwisha hukumiwa.

Tarehe 27 Agosti alipangiwa kuimba karibu na mji wa Peekskill, kaskazini mwa New York. Kundi la watu likavamia, likachoma viti, onyesho likavunjika. Robeson akasema atarudi, na tarehe 4 Septemba alirudi. Walikuja wasikilizaji wapatao 20,000. Wafanyakazi wa vyama vyao walijipanga bega kwa bega kuuzunguka uwanja, na wanaume kadhaa walisimama jukwaani nyuma yake na pembeni yake, ili mtu mwenye bunduki vilimani asipate pa kulenga. Aliimba. Balaa lilianza wakati wa kutoka. Barabara ilikuwa nyembamba, na kando yake watu walikuwa wamerundika mawe tayari. Mabasi na magari yalipita katikati ya mvua ya mawe huku polisi wakitazama, na wengine wakishiriki. Mmoja wa waliopigwa na polisi siku hiyo ni Eugene Bullard, Mmarekani mweusi aliyekuwa rubani wa kivita wa Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Picha zake akiwa chini, virungu vikiwa juu yake, bado zipo. Waliojeruhiwa walizidi 140.

Jukwaa la mpakani, 1950–1958

Mwaka 1950 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilimtaka arudishe pasipoti. Akakataa, ikafutwa. Alipokwenda mahakamani, mawakili wa serikali waliandika sababu moja inayostahili kusomwa na kila Mwafrika: kwamba kwa miaka mingi mtu huyu amekuwa akishughulika mno na uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Hawakumtuhumu kwa wizi wala ujasusi. Waliutaja uhuru wetu.

Kumbi zilimfungia milango, maduka yakaondoa sahani zake za santuri, na kipato chake kikaporomoka. Mapema mwaka 1952 alialikwa kuwaimbia wafanyakazi wa migodi huko Vancouver, Kanada. Mmarekani wa wakati huo hakuhitaji pasipoti kuingia Kanada, lakini alizuiwa mpakani. Wafanyakazi walipata jibu. Tarehe 18 Mei lori lilisimamishwa upande wa Marekani wa bustani ya Tao la Amani, hatua chache kutoka mstari wa mpaka. Robeson akapanda juu ya lori, maelfu wakakaa kwenye nyasi upande wa pili, na sauti ikavuka bila kugongewa muhuri.

Mwaka 1957 ilivuka mbali zaidi. Kebo ya kwanza ya simu chini ya Bahari ya Atlantiki ilikuwa imeanza kazi mwaka uliotangulia tu. Mwezi Mei Robeson aliwaimbia watu wa London kupitia kebo hiyo, na Oktoba ikawa zamu ya wachimba makaa wa Wales, waliokusanyika Porthcawl. Yeye alikuwa studio New York, wao maelfu ukumbini wakisikiliza vipaza sauti. Alipomaliza, nao wakamwimbia kwa waya ule ule.

Aliyefungua mlango hatimaye alikuwa mchoraji. Rockwell Kent, naye akiwa amenyimwa pasipoti kwa siasa zake, aliishtaki serikali, na Juni 1958 Mahakama Kuu ikaamua, majaji watano kwa wanne, kwamba Wizara haina mamlaka ya kumnyima raia hati ya kusafiria kwa sababu ya itikadi yake. Robeson akapata yake. Alikuwa na miaka 60, na ile minane iliyopotea hakuna wa kumlipa.

Kuna jambo jingine ambalo wanaompenda hupenda kuliruka. Mwaka 1949 alikuwa Moscow, akajua kwamba marafiki zake Wayahudi wanakamatwa, na aliporudi nyumbani hakulisema hadharani. Mwaka 1952 alipewa Tuzo ya Stalin, akaikubali. Alihofu, pengine, kuwapa fimbo waliokuwa wakimpiga. Lakini marafiki wale waliuawa.

Mfuko wa Belafonte, 1956–1964

Kijana Harry Belafonte alizaliwa Harlem mwaka 1927, mama yake akiwa Mjamaika, na sehemu ya utoto wake aliishi Jamaika kwa bibi yake. Baada ya kutumika katika jeshi la majini, alikuwa akifanya kazi za mikono kwenye majengo ya kupangisha. Mpangaji mmoja, badala ya bakshishi, alimpa tiketi mbili za kwenda kuona tamthilia ya kikundi cha waigizaji weusi. Hakuondoka tena. Muda si mrefu akawa anaigiza hapo, na usiku mmoja Paul Robeson mwenyewe alikuja kutazama, kisha akabaki kuongea na vijana. Belafonte alimtaja kama mwalimu wake hadi uzeeni.

Mwaka 1956 santuri yake *Calypso* iliuza zaidi ya nakala milioni moja. Hapo ndipo anapotofautiana na mwalimu wake: Belafonte alikuwa na fedha, uso uliopendwa na wazungu, na pasipoti. Akavitumia vyote vitatu. Mwaka 1959 mwanasiasa Tom Mboya alipokuja Marekani kutafuta nauli za wanafunzi wa Kenya waliokuwa na nafasi vyuoni lakini hawana jinsi ya kufika, barua ya kuwaomba watu michango ilitiwa saini na Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na mcheza besiboli Jackie Robinson. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ilitua New York na vijana 81.

Kwa Martin Luther King alikuwa zaidi ya rafiki. Alikuwa mtu wa kupigiwa simu usiku. Lakini tukio linalomwonyesha vizuri ni la Agosti 1964. Huko Mississippi vijana waliokuwa wakiwaandikisha watu weusi kupiga kura walikuwa wameishiwa fedha, na wenzao watatu walikuwa wameuawa. Belafonte alikusanya dola 70,000 taslimu, akamshawishi Poitier waende pamoja, akimwambia kwamba ni vigumu zaidi kuua watu wawili maarufu kuliko mmoja. Wakapanda ndege ndogo usiku hadi Greenwood. Walipotoka uwanjani, taa za magari ziliwaka gizani. Zilikuwa za Ku Klux Klan. Lori moja lilianza kuligonga kwa nyuma gari la msafara, huku madereva vijana wakipishana ili lisiwafikie wageni. Walipoingia katika ukumbi uliojaa watu, Belafonte alimwaga mfuko wa noti mezani.

Muhuri wa 1960

Miriam Makeba aliingia gerezani akiwa na siku 18. Mama yake, Mswazi na mganga wa jadi, alikamatwa kwa kupika pombe ya kienyeji, na mtoto aliyezaliwa Johannesburg tarehe 4 Machi 1932 akatumikia kifungo cha miezi sita mgongoni kwa mama.

Miaka ya 1950 aliimba na kundi la Manhattan Brothers, kisha na Skylarks, kundi la wasichana. Mwaka 1958 Mmarekani Lionel Rogosin alikuwa anapiga filamu kwa siri Johannesburg, akiwadanganya wakubwa kwamba ni filamu ya muziki tu. Iliitwa *Come Back, Africa*, na Makeba alionekana humo kwa nyimbo mbili. Hizo mbili zilitosha. Mwaka uliofuata alialikwa kwenye tamasha la filamu la Venice. London akakutana na Belafonte, na kabla mwaka haujaisha alikuwa anaimba New York.

Machi 1960 polisi wa Sharpeville waliwapiga risasi watu waliokuwa wakiandamana kupinga vitabu vya pasi, hati ambazo kila mtu mweusi alilazimishwa kubeba. Walikufa 69. Mwaka huo huo mama yake Makeba alifariki. Alikwenda ubalozi mdogo wa Afrika Kusini ili arudi kuzika. Ofisa alichukua pasipoti yake akaigonga muhuri: imebatilishwa. Watu wa kwao walikataa kubeba hati, na sasa yeye aliihitaji akakosa. Mfumo ni ule ule.

Tarehe 16 Julai 1963, siku tano baada ya polisi kuvamia shamba la Rivonia na kuwakamata viongozi wa upinzani, Makeba aliketi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa, akaomba nchi yake isusiwe na wafungwa wa kisiasa waachiwe. Serikali ya Makaburu ikajibu kwa kumvua uraia na kupiga marufuku santuri zake.

Sisi tulimjua kwa njia nyingine. Alikwisha fika Kenya mwaka 1962 kuunga mkono uhuru, na santuri yake na Belafonte ya mwaka 1965, iliyowapa tuzo ya Grammy, ilikuwa na "Malaika". Ubishi kuhusu mtunzi wa wimbo ule, Fadhili William au Adam Salim, haujaisha, na mwenye Kiswahili chake husikia mara moja pale Makeba anapoteleza. Hakuna aliyejali. Harusini watu waliuimba kama alivyouimba yeye, makosa na yote.

Conakry, na siku sita za nyumbani

Mwaka 1968 aliolewa na Stokely Carmichael, kiongozi wa vijana waliotaka "nguvu ya mtu mweusi", na Marekani iliyomshangilia ikamfunga milango. Maonyesho yalifutwa moja baada ya jingine. Wakahamia Guinea, kwa Rais Sékou Touré, na huko alikaa takriban miaka 15. Aliiwakilisha Guinea katika Umoja wa Mataifa. Nchi mbalimbali zilimpa pasipoti, jumla yake tisa. Hapa linarudi lile la Robeson na Moscow: mwenyeji aliyempa Makeba hifadhi naye alikuwa na gereza lake, Camp Boiro, ambamo wapinzani wake walikufa kwa njaa. Mkimbizi hachagui sana paa.

Robeson hakuona mengi ya hayo. Afya ilimwangusha mapema miaka ya 1960, akarudi Marekani mwaka 1963, na baadaye akajifungia Philadelphia kwa dada yake. Mwaka 1973, alipotimiza miaka 75, Belafonte alimwandalia sherehe kubwa katika ukumbi wa Carnegie, na mwenye siku yake akatuma salamu za kurekodi tu. Alifariki Januari 1976.

Februari 1990 Mandela alitoka gerezani. Juni mwaka huo Makeba alishuka Johannesburg baada ya miaka 31, mkononi ana pasipoti ya Ufaransa na ruhusa ya kukaa siku sita. Alikuwa mgeni wa siku sita katika mji aliozaliwa.

Aliendelea kuimba, ingawa magoti yalimsumbua. Novemba 2008 alialikwa Castel Volturno, mji wa kusini mwa Italia wanakoishi maelfu ya Waafrika, wengi wao hawana karatasi. Mwezi Septemba wahalifu wa Camorra walikuwa wamewaua sita kati yao kwa risasi. Onyesho lilikuwa la kumuunga mkono mwandishi Roberto Saviano, aliyeanika maovu ya kundi hilo. Belafonte angeishi hadi Aprili 2023, afikie miaka 96, lakini usiku ule wa Novemba yule mama wa miaka 76 alikuwa peke yake. Aliimba hadi mwisho, akamalizia na "Pata Pata", akatoka jukwaani, akaanguka.